KUKINGA MIFUGO: NI GHARAMA AU NI AKIBA?



Katika vijiji vyetu vya Kiberege na jirani zake, huku chini ya milima ya Udzungwa kuelekea mto Kilombero, ni vigumu kuiona nyumba isiyo na kuku. Mpunga ndio chakula chetu na ndio biashara yetu kubwa. Lakini fedha ya mpunga huja wakati wa mavuno, na kabla ya Krismasi imekwisha. Baada ya hapo nani anunua daftari la mtoto? Nani aleta sabuni na chumvi? Nani alipa nauli ya mgonjwa anayepelekwa Ifakara usiku? Ni kuku. Kwa wengine ni mbuzi, na kwa wengine ni nguruwe aliyefugwa nyuma ya nyumba. Wanyama hao ndio benki yetu, nayo iko uani.

Basi tunapozungumza juu ya magonjwa ya mifugo, tusidhani kwamba hiyo ni habari ya Bwana Mifugo peke yake. Ni habari ya karo ya shule, ya dawa, na ya heshima ya nyumba.

Lakini tukimwambia mtu, "Chanja kuku wako," mara nyingi atajibu: "Kuku wangu wazima. Kwa nini nitoe fedha kwa ajili ya kuku mzima? Akiugua nitamtibu, akishindikana nitamchinja." Jibu hilo si la mpumbavu. Mtu wa kijijini fedha yake ni chache, na kila shilingi ina kazi yake. Ana haki ya kuuliza: nikitoa hiki, nitapata nini? Swali hilo halijibiwi kwa maneno matamu, hujibiwa kwa hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haya, tufungue daftari.

MASWALI MANNE

Kabla ya kutoa fedha kwa kinga yo yote, jiulize maswali manne.

La kwanza: ugonjwa huu hutujia mara ngapi? Kila mwaka, au mara moja tu katika miaka mingi?

La pili: ukija, huchukua wangapi? Mmoja kati ya kumi, au tisa kati ya kumi?

La tatu: kinga yake yagharimu nini? Hapo usihesabu fedha tu. Hesabu na muda, na mwendo, na usingizi.

La nne: kinga hii yamlinda nani zaidi ya mnyama wangu? Je, yamlinda jirani? Je, yamlinda mtoto wangu mwenyewe?

Mtu akishika maswali hayo manne hatadanganywa na muuza dawa, wala hatapoteza mali yake kwa ubahili.

MDONDO, ADUI WA KUKU

Tuanze na kuku, maana ndio wengi. Ugonjwa mkubwa wa kuku wetu ni mdondo, ambao pengine huitwa kideri. Wazungu huuita kwa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, ambako uligunduliwa katika miaka ya 1926 na 1927. Kuku hupooza, huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo. Mara nyingi hutujia wakati wa kiangazi. Ukiingia katika kitongoji ambacho kuku wake hawakuchanjwa, waweza kuua wanane au tisa kati ya kumi, tena kwa siku chache tu. Dawa ya kuutibu haipo. Yule asemaye, "Akiugua nitamtibu," hana cha kumtibu nacho.

Lakini kinga ipo. Chanjo iitwayo I-2 ilitengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Profesa Peter Spradbrow, nayo imekuwa ikitengenezwa hapa hapa Tanzania. Sifa yake kubwa ni kwamba yavumilia joto kuliko chanjo nyingine. Ikiwa imekaushwa na kuwekwa gizani mahali pasipo joto kali, hukaa wiki kadhaa bila jokofu. Kwa vijiji visivyo na umeme hilo ni jambo kubwa sana. Hutolewa kwa tone moja tu katika jicho moja la kuku, awe jogoo awe kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

HESABU YA MAMA MMOJA

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe msomaji weka bei za soko la kwenu, uone kama jibu litageuka.

Mama huyo ana mitetea 6, majogoo 2, na vifaranga na matembe 12. Jumla kuku 20. Tuseme mtetea ni shilingi 12,000, jogoo ni shilingi 15,000, na hao wadogo, mmoja kwa mwingine, ni shilingi 4,000. Mitetea ni shilingi 72,000. Majogoo ni shilingi 30,000. Wadogo ni shilingi 48,000. Jumla ya mali yake ni shilingi 150,000.

Tuseme mchanjaji wa kitongoji hutoza shilingi 100 kwa kuku mmoja, naye huja mara tatu kwa mwaka. Kuku 20, mara 3, kwa shilingi 100, ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Hiyo ni nusu ya bei ya mtetea mmoja.

Sasa upande wa pili. Mdondo ukija ukachukua wanane kati ya kumi, mama huyo hupoteza kama shilingi 120,000 kwa juma moja. Ukija mara moja katika miaka miwili, ni sawa na kupoteza shilingi 60,000 kila mwaka. Yaani anakataa kutoa 6,000, halafu anatoa 60,000 asizozijua, kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kumpa risiti.

Labda mtu mwangalifu atasema, "Lakini chanjo haiokoi wote." Kweli. Wengine hukosa tone, wengine walikuwa wameanza kuugua, na wengine hufa tu. Basi tuseme chanjo imeokoa robo tatu tu ya wale ambao wangekufa. Hapo imeokoa shilingi 90,000, na katika miaka hiyo miwili mama ametoa shilingi 12,000. Bado amepata zaidi ya mara saba.

Mwingine atasema, "Huku kwetu mdondo hauji mara kwa mara." Haya, tuseme waja mara moja tu katika miaka mitano. Shilingi 90,000 zilizookolewa ukizigawa kwa miaka mitano ni 18,000 kwa mwaka. Gharama ni 6,000. Bado faida ni mara tatu. Ili hasara na gharama zilingane, ingebidi mdondo uje mara moja katika miaka 15. Nani katika bonde hili amekaa miaka 15 bila kusikia mdondo kwa jirani?

Tena tumehesabu bei ya kuku waliokufa tu. Hatukuhesabu mayai ambayo yangetagwa, wala vifaranga ambavyo vingeanguliwa, wala aibu ya kukosa kitoweo mgeni afikapo.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Ikiwa hesabu ni rahisi namna hii, mbona watu wengi hawachanji? Tusiwalaumu upesi. Ziko gharama ambazo hazionekani katika bei ya tone.

Kwanza, chupa ya chanjo ina dawa ya kuku wengi, mia moja au zaidi. Mwenye kuku 20 akiinunua peke yake, sehemu kubwa itamwagwa, maana chanjo ikishachanganywa na maji haiwekwi akiba. Kwa hiyo gharama yake haiwi shilingi 6,000 tena, yapanda mara nyingi. Mtu peke yake hushindwa. Nyumba kumi zikishirikiana chupa yatumika yote. Hapo ndipo jumuiya zetu ndogo ndogo zaweza kuwa na faida hata siku isiyo ya sala. Watu waliokwisha zoea kukutana kila juma, wenye mwenyekiti na mtunza fedha wao, hawana haja ya kuunda chama kipya kwa ajili ya kuchanja kuku.

Pili, kuku hukamatwa alfajiri au usiku, wakiwa bado bandani. Asiye na banda, ambaye kuku wake hulala juu ya miti, atawakimbiza mpaka jua lichomoze na hatawapata nusu yao. Basi banda ni sehemu ya gharama ya kinga. Lakini banda hilo hilo huzuia kicheche usiku, kwa hiyo hulipa mara mbili.

Tatu, chanjo ya mdondo huzuia mdondo peke yake. Haizuii ndui, wala viroboto, wala minyoo, wala mwewe. Mtu akichanja leo, na kesho kutwa kuku akafa kwa ugonjwa mwingine, husema, "Chanjo imeua." Maneno hayo hukimbia kuliko mchanjaji. Tena kinga hujengeka baada ya juma moja au mawili. Ukichanja wakati mdondo umekwisha ingia uani, umechelewa. Wale waliokwisha ambukizwa watakufa, nawe utaitupia chanjo lawama zisizo zake.

Mwezi Juni 2025 Serikali ilianza kampeni ya kuchanja mifugo nchi nzima, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Bariadi, mkoani Simiyu, na kupangiwa miaka mitano. Katika mpango huo kuku wa asili huchanjwa bure, nao wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo hulipa nusu ya gharama, nusu nyingine ikibebwa na Serikali: shilingi 500 kwa ng'ombe, na shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo. Ni msaada mkubwa. Lakini tukumbuke kwamba kuku huhitaji tone kila baada ya miezi michache, na vifaranga huanguliwa kila mwezi. Mdondo haungoji kampeni. Hata pale ambapo tone ni bure, mtu mmoja katika kitongoji lazima ajue kuchanja na lazima awe na ratiba.

NGURUWE: UGONJWA USIO NA CHANJO

Sasa tuje kwa nguruwe, ambaye ni mali ya familia nyingi za Kikristo. Adui wake mkubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na Bwana Montgomery, mtaalamu wa mifugo, kutokana na vifo vya nguruwe huko Kenya. Ngiri wa porini hubeba ugonjwa huo bila kuugua, na papasi wakaao katika mashimo yao huuhifadhi. Nguruwe wa kufugwa akiupata, hupata homa kali, hukataa chakula, ngozi hugeuka nyekundu masikioni na tumboni, na hufa baada ya siku chache. Karibu wote hufa. Dawa hakuna, na mfugaji wa kijijini kwetu hana chanjo ya kutegemea.

Hapa kinga si tone. Kinga ni banda na desturi. Nguruwe asizurure. Makombo ya jikoni yenye nyama ya nguruwe asipewe, au yachemshwe kwanza sana, maana virusi hukaa muda mrefu katika nyama mbichi na hata iliyokaushwa. Dume lisiazimwe kutoka banda hata banda. Mgeni anayenunua nguruwe asiingie bandani na viatu vyake alivyotoka navyo kwa mwingine.

Gharama yake ni ipi? Miti ya banda yapatikana, lakini nguruwe aliyefungwa hawezi kujitafutia chakula. Lazima mtu akate majani, abebe pumba, achote maji kila siku. Kwa familia yenye watu wachache wenye nguvu, hiyo ni gharama kubwa kuliko fedha. Kwa hiyo shauri langu ni hili: fuga nguruwe wachache unaoweza kuwalisha ndani ya banda, kuliko wengi wanaojilisha njiani. Jike mmoja na watoto wake, waliofungwa vema, ni mali. Kumi wanaozurura ni kamari.

Na hapa liko jambo ambalo yatupasa kulisema waziwazi. Homa ya nguruwe haimwambukizi mwanadamu. Kwa hiyo mtu anayeona nguruwe wake wawili wamekufa na wa tatu anatetemeka, hushawishika kumchinja upesi huyo wa tatu na kuiuza nyama kwa bei ya chini, apate angalau kidogo. Twamwelewa, hasara inauma. Lakini nyama ile yabeba ugonjwa. Yaenda katika nyumba ishirini, na makombo yake yatupwa kwa nguruwe wa nyumba hizo. Mtu mmoja ameokoa shilingi elfu kadhaa, kijiji kizima kimepoteza mabanda yake. Hiyo si biashara, ni kumwibia jirani bila kuingia nyumbani kwake.

Dawa ya kishawishi hicho si kulaumu tu. Nyumba zenye nguruwe katika kitongoji zaweza kukubaliana mapema, kabla ya ugonjwa, kwamba atakayepata vifo vya ghafla atatoa habari kwa Bwana Mifugo na kuzika, nao wenzake watamchangia mtoto mmoja wa nguruwe baada ya hatari kupita. Nguruwe huzaa wengi. Kutoa mtoto mmoja ni nafuu kuliko kupoteza wote. Hesabu ya kuku tuliyoifanya huko juu yaonyesha jambo hilo hilo: kinga ya jirani ni sehemu ya kinga yako.

MBUZI NA NG'OMBE

Zamani bonde la Kilombero lilikuwa na ng'ombe wachache kwa sababu ya mbung'o. Wenyeji walilima kwa jembe la mkono. Katika miaka ya karibuni wafugaji wengi wamekuja na makundi yao, na wakulima wengi wamejifunza kulima mpunga kwa maksai. Basi magonjwa ya ng'ombe si habari ya wafugaji tu. Maksai mmoja akianguka wakati wa kulima, shamba hubaki bila kulimwa, na hasara yake yahesabiwa kwa magunia.

Kwa ng'ombe, kupe ndio mlango mkubwa wa magonjwa, hasa ndigana kali, ambayo huua ndama wengi. Kuogesha au kunyunyiza dawa hugharimu fedha kila juma au kila majuma mawili, na ukiacha, kupe hurudi. Kwa ndigana kali iko pia chanjo iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga, Kenya. Mnyama huchomwa mara moja, pamoja na dawa ya kuupunguza ukali wa ugonjwa, naye hupata kinga ya muda mrefu sana. Bei yake si ndogo. Lakini linganisha na bei ya ndama, na kwa ndama wengi wanaokufa kabla ya kuachishwa ziwa, ndipo uamue.

Kwa mbuzi na kondoo kuna sotoka yao, ambayo iligunduliwa kaskazini ya Tanzania mwaka 2008 na baadaye ikaenea hata kusini. Mbuzi hutoka kamasi, huharisha, huwa na vidonda mdomoni, na wengi hufa. Chanjo yake moja humlinda mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Shilingi 300 kwa miaka mitatu ni shilingi 100 kwa mwaka kwa mbuzi mmoja. Hapo hata hesabu haitupi kazi. Kilichobaki ni kukumbuka watoto waliozaliwa baada ya chanjo.

UGONJWA UJAO BAADA YA MIAKA MINGI

Magonjwa tuliyotaja hutukumbusha kila mara. Lakini liko moja ambalo hulala muda mrefu, nalo ndilo gumu kuliko yote katika hesabu: Homa ya Bonde la Ufa. Ilitambuliwa huko Kenya, katika kondoo wa karibu na ziwa Naivasha, mwaka 1930 na 1931. Mvua zikizidi na maji yakituama, mbu huzaliana kwa wingi. Mbu wengine hutaga mayai yenye virusi katika udongo wa mabonde, nayo hukaa makavu muda mrefu yakingoja gharika. Ugonjwa ukilipuka, mifugo hutupa mimba kwa wingi na watoto wao hufa. Watu nao huambukizwa kwa kuumwa na mbu, au kwa kushika damu, nyama mbichi na mimba iliyotupwa.

Mwisho wa mwaka 2006 na katika nusu ya kwanza ya mwaka 2007 ugonjwa huo ulilipuka katika Afrika Mashariki. Hapa Tanzania mikoa kadhaa ilipatwa, Morogoro ikiwa mojawapo, na watu zaidi ya 100 wakafa. Biashara ya nyama ilianguka, hata ya wale ambao wanyama wao walikuwa wazima. Baada ya hapo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ile iliyoanza kama maabara ndogo ya Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi mwaka 1957, walipima damu ya mifugo katika bonde letu. Katika taarifa yao ya mwaka 2013 walieleza kwamba kama mnyama mmoja kati ya kumi alikuwa na alama ya kuwahi kuambukizwa, wakiwamo waliozaliwa baada ya mlipuko ule. Maana yake ni kwamba virusi havikuondoka. Vinazunguka kimya kimya.

Je, mfugaji achanje kila mwaka kwa ajili ya jambo liwezalo kuja baada ya miaka kumi? Peke yake hawezi, na hesabu yake ya nyumbani haimlazimishi. Hapa ndipo hesabu ya nyumba hukoma na hesabu ya taifa huanza. Yapasa Serikali ipime mvua, iweke chanjo tayari, na iwahi kabla ya gharika. Lakini kuna kinga ambazo ni za nyumbani, na bei yake ni karibu na bure. Usishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, izike mbali. Usichinje mnyama anayeumwa. Chemsha maziwa. Kuchemsha maziwa kwagharimu kuni kidogo tu, na kuni hizo huzuia pia ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa za muda mrefu zinazodhaniwa kuwa malaria.

TULIVYOSHINDA SOTOKA YA NG'OMBE

Mtu akisema kwamba magonjwa ya mifugo hayaishi, na kwamba fedha ya chanjo ni maji yamwagwayo mchangani, mkumbushe sotoka ya ng'ombe. Iliingia nchini kwetu kutoka kaskazini karibu na mwaka 1891, ikaua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wote wa Afrika Mashariki. Wafugaji waliokuwa matajiri walikufa kwa njaa.

Huko Muguga, Bwana Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kampeni kubwa za nchi nyingi zikafuata. Baadaye ikapatikana namna ya chanjo hiyo isiyoharibika upesi kwa joto, na wafugaji wenyewe wakafundishwa kuwachoma wanyama wao mahali ambapo gari halifiki. Mgonjwa wa mwisho alionekana Kenya mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha.

Angalia faida yake. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi, lakini sasa hakuna mfugaji duniani anayelipa hata senti moja kwa ajili ya ugonjwa huo. Baba zetu na babu zetu walilipa, sisi twala faida. Hiyo ndiyo kinga iliyofika mwisho wake.

PALE AMBAPO KINGA HAILIPI

Ili tusiwe watu wa upande mmoja, tuseme pia mahali ambapo fedha hupotea.

Kumpa mnyama mzima dawa za vidudu kila wakati "ili asiugue" si kinga. Ni kuvizoeza vidudu dawa, na siku ya ugonjwa dawa haitafanya kazi. Kuchanganya dawa ya kupe na maji mengi kupita kiasi ili itoshe ng'ombe wengi ni hasara mbili: fedha imekwenda, na kupe wamezoea. Kununua chanjo kwa mchuuzi aliyeiacha juani mnadani ni kununua maji. Na mbuzi utakayemchinja juma lijalo hana haja ya chanjo ya miaka mitatu.

Tena kinga ya mtu mmoja katika kijiji kisichokinga hudhoofika. Anayeogesha ng'ombe wake kila juma, kisha akawachunga pamoja na wasioogeshwa, anapigana vita peke yake. Hapo fedha yake ingezaa zaidi kama angetumia jioni moja kuzungumza na jirani.

TUFANYE NINI BASI?

Shauri la kwanza ni daftari. Nunua daftari moja la shule. Andika kila mnyama anayezaliwa, anayeuzwa, anayeliwa na anayekufa, na tarehe. Andika kila shilingi ya dawa na chanjo. Baada ya mwaka mmoja hutahitaji kusoma gazeti lo lote kujua kama kinga inalipa nyumbani kwako. Mpe kazi hiyo mtoto aliye darasa la tano; atajifunza hesabu kuliko ubaoni.

La pili, kila jumuiya au kitongoji kichague mtu mmoja mwaminifu, mwanamke au mwanamume, afundishwe na Bwana Mifugo kuchanja kuku. Alipwe kwa kazi yake. Mchanjaji asiyelipwa huja mara ya kwanza kwa moyo, mara ya pili kwa aibu, na mara ya tatu haji kabisa.

La tatu, tuweke majira yatakayokumbukwa na wote, miezi minne minne: kwa mfano Machi, Julai na Novemba. Julai ndiyo wakati fedha ya mpunga iko mkononi, na kiangazi cha mdondo bado hakijakomaa. Mwenye kuku 20 aweke kando bei ya yai moja kila juma. Mwisho wa mwaka atakuwa amelipa chanjo yote na chenji itabaki.

La nne, tukubaliane juu ya nguruwe kabla ya msiba, si baada yake.

La tano, tusiwaache akina mama nje ya mashauri haya. Katika nyumba nyingi kuku ni wa mama na mbuzi wa baba. Mkutano wa mifugo ukiitwa, huenda baba, na kuku hawasemewi na mtu. Baba atakayetoa shilingi 6,000 kwa kuku wa mkewe hatakuwa amempa mkewe zawadi. Atakuwa amenunua madaftari ya watoto wake kwa bei rahisi kuliko ya dukani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mdondo huzibwa kwa tone moja, na mwezi wa kuuziba twaujua.